Nyumba ya Baraza, Darsait

Bi Ghaliya binti Khattab, jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Darsait, Maskati, hakuwahi kupita mbele ya nyumba bila kuitolea habari. Ukifuatana naye dukani, jua umeshachelewa. Ile yenye madirisha ya kijani, mwenyewe alipewa rangi iliyobaki zahanati ilipopakwa. Ile yenye ukuta uliopinda, fundi alishindwa kuvunja jabali, akajenga kulizunguka. Gereji ya kwenye kona ilikuwa darasa la wanawake watu wazima, naye ndiye aliyewafundisha kusoma. Wengine walimkimbia. Mimi nilimpenda, ingawa maziwa yameniharibikia mkononi mara nyingi nikimsikiliza.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kwao. Baba yake aliijenga kwa matofali ya saruji mwanzoni mwa miaka ya sabini, familia ilipotoka Unguja, na mbele akaweka baraza ya kukalia. Majirani wenyeji wakamcheka: nani atakaa nje Maskati, na joto hili? Mzee akawaacha wacheke. Jua likizama alitoa birika la kahawa na sahani ya kashata, na haukupita muda waliocheka ndio waliogombea nafasi. Harusi ngapi za mtaa huu zilipangwa pale, na magomvi mangapi yakasuluhishwa! Mtaa ulipojaa maghorofa na karakana, nyumba ile ilibaki vilevile, imebanwa katikati.

Bi Ghaliya alifiwa na mumewe, akarudi kukaa na mama yake. Nyumba ilikuwa kwa jina la mdogo wake, Asaad, kwa sababu mzee alipochoka alimwachia mwanawe wa kiume mambo yote ya serikali. Hilo halikumtia mtu wasiwasi. Mzee alitangulia kufa. Mama yao naye alipofariki, siku ya hitima, wanaume wakiwa barazani na sisi wanawake nyuma ya dirisha, Asaad alisema mbele ya mtaa mzima kwamba nyumba haitauzwa wala kuvunjwa maadamu dada yake yu hai. Tukainua mikono, tukasoma Fatiha. Kwetu sisi, jambo lililosomewa Fatiha limekwisha. Ukiomba karatasi baada ya hapo umemtukana mwenzako. Bi Ghaliya hakuomba.

Mwaka jana Asaad alikuja na kinasa sauti kidogo.

"Dada, hebu nihadithie nyumba hii na mtaa wote. Wanangu hawajui kitu."

"Ulikuwa wapi siku zote? Nna mengi mie!"

Alisimulia kila alasiri, akimpikia na mkate wa kumimina. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Alidhani maneno yake yamepata mrithi, na mimi nikadhani hivyo hivyo, Mungu anisamehe.

Baadaye Asaad akamwambia dada yake ahamie kwa muda kwa bintiye mwenyewe, kule mtaa wa Mawaleh, mabomba yatengenezwe. Akaenda na sanduku moja. Asubuhi moja Mwanakheri, mwanamke wa Tanga anayefanya kazi pale, akamletea simu.

"Mama, hii si sauti yako?"

Ilikuwa yake, ndani ya tangazo la video. Ilimsimulia baba yake, birika na wale majirani waliocheka, na chini ya sauti ikapita picha ya ghorofa jipya la kuuza fleti, kwenye kiwanja chao, "lenye baraza ya kisasa." Historia yote aliyoitoa kwa mapenzi, mdogo wake ameifanya chambo cha wanunuzi.

Bi Ghaliya akanipigia simu, nikaitazame nyumba. Tangu alfajiri nilikuwa nimewaona mafundi wakiingia, na mjinga mimi niliamini ni wa mabomba. Nilipofungua mlango, tingatinga lilikuwa limeshaing'oa baraza na linauanza ukuta. Kishindo alikisikia mwenyewe kwenye simu.

Nilikuwapo kule Mawaleh siku Asaad alipokwenda kumwona. Alikaa kwenye ncha ya kiti, tabasamu tele.

"Dada, nimekuwekea fleti ya chini, ile ya mbele kabisa. Na watu wanaipenda sauti yako, wallahi."

Bi Ghaliya hakupaza sauti.

"Nnakuuliza kitu kimoja tu, Asaad. Ile Fatiha tuliisoma ya nini?"

Asaad akakuna shingo. "Ulikuwa unalia sana siku ile, dada. Tulitaka utulie."

Nilitamani kumzaba kibao, na umri wangu huu. Bi Ghaliya alimtazama mtoto aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea kwenye ua ule ule. Chozi halikumtoka.

"Basi nikifa usinisomee," akamwambia. "Nshatulia."