Mama ameniita madam

Leo mama yangu mzazi ameniita "madam" mbele ya bosi.

Nyinyi wa chuo mnaosoma hii imeli mnajua niko attachment, yaani mafunzo ya kazi, kwa ile benki kubwa ya uwekezaji.
Leo tulikuja Kericho kukagua shamba la chai linalouzwa.
Na ofisini nilikuwa nimedanganya ati mama ni mwalimu.

Bosi akaita mchumaji mmoja amweleze kazi.
Akaja mama, kikapu mgongoni.

Kuniona na suti, akasema tu, "Karibu, madam," ndio asiniaibishe.

Nikashindwa kuendelea na uongo. "Bosi, huyu ni mama yangu."

Bosi akamsalimia kwa mikono miwili. "Kumbe wewe ndio mwalimu?"

Mama akanifunga kifungo cha koti kwanza.
"Ndio," akasema. "Na bado sijamaliza kumfundisha."

Wenzangu, huyu mama nitamshukuru aje?