Mzee wa Kiti cha Nyuma

Watu wananiuliza mpaka leo ile filamu ilikuwa inahusu nini hasa, na mimi nawajibu ukweli: sijui. Kiingereza changu kiliishia kwenye kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilichokuwa nakiona ni marafiki wawili wasio na adabu, gari bovu, jangwa, na mzee mmoja aliyenuna kwenye kiti cha nyuma. Yaliyobaki tuliyajaza wenyewe, mimi na mwenzangu, kwa maiki moja, kwenye banda la video pale Mkuyuni, Mwanza.

Kazi yetu ilikuwa kutafsiri filamu. Nikisema kutafsiri usinielewe vibaya. Tulipunguza sauti ya wazungu, tukakaa kwenye benchi pembeni ya televisheni, tukasema juu ya midomo yao chochote kitakachowachekesha watu waliokuja kusubiri mpira wa jioni. Mwenzangu, Mhaya wa huko Bukoba vijijini, Kiingereza alikuwa nacho cha kumwaga, lakini akishika maiki alikiweka kando. "Anayetaka kujua mzungu anasema nini amfuate kwao," ndivyo alivyokuwa akisema. Kwa hiyo lile jangwa likawa barabara ya Mwanza kwenda Bukoba. Ikionekana foleni ya magari, mimi: "Wako Kigongo, wanasubiri kivuko." Daraja la pale lilipofunguliwa nikakiondoa kivuko. Weee, watu walinijia juu! Wakataka kivuko chao. Nikakirudisha, na mpaka leo ndani ya filamu yetu watu wanasubiri kivuko na daraja lipo.

Ndani ya filamu mimi nilikuwa Msukuma niliyejaza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye buti. Mwenzangu alikuwa dereva, Mhaya anayegoma kusukuma gari likizima, maana msomi hasukumi gari. Wale marafiki wakila chochote, hata keki, wanakula senene, wale panzi wa Kihaya. Ni matani yasiyo na mwisho wala heshima, na mtu akiingia banda letu mara ya kwanza atakaa weee hajui wenzake wanacheka nini.

Lakini aliyejaza banda ni yule mzee wa nyuma. Mwenzangu alimpa sauti ya baba yake.

Ile sauti niliijua. Nilishawahi kwenda kwao likizo moja, tulipokuwa tunasoma wote chuo cha ualimu. Baba yake ni mwalimu mstaafu, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizokaushwa ambazo kwao mgeni hupewa akishakaa, na kabla sijaitia mdomoni akaniambia, "Kaa wima." Wala hakuwa ananigombeza. Alilisema pale ambapo mtu mwingine angesema jisikie nyumbani. Alimwambia mkewe kaa wima, aliwaambia wajukuu, nadhani hata mbuzi walishaambiwa.

Mwenzangu alipoacha chuo akahamia bandani, yule baba alimpigia simu mara moja tu. Nilikuwepo, nikasikia. "Sikusomesha mchekeshaji wa vibandani. Usinipigie tena." Akakata. Mwenzangu akacheka, akasema mzee ana hasira za karibu, atapoa. Krismasi ikapita. Pasaka ikapita. Simu haikulia upande wowote. Siku moja nikamkuta nyuma ya banda ameshika simu, jina la baba yake liko kwenye kioo, anaitazama tu.

"Si upige?" nikamwambia.

"Kasema nisipige."

Kichwa kigumu! Na alikirithi kwa nani, kama si kwa huyo huyo?

Badala ya kupiga, akamwingiza kwenye filamu. Gari likirukia shimo, mzee wa nyuma anapinda mgongo, na mwenzangu anaitoa ile sauti ya kupitia puani: "Kaa wima!" Banda zima linaitikia: "Kaa wiiima!" Ikafika mpaka sokoni, mama wa nyanya akiinama kupanga mafungu yake anapigiwa kelele akae wima. Mzee akitafuna kitu, ni kahawa. Nilicheka na mimi, nisiseme uongo. Lakini huwezi kumuiga mtu kiasi kile, mpaka namna anavyovuta pumzi kabla ya kukuonya, kama hulali ukimuwaza. Mwenzangu alikuwa na hamu na baba yake mpaka inauma, na kwa kuwa hawezi kumsikia kwenye simu, akawa anajisemesha mwenyewe kwa sauti yake.

Sasa, Jumapili moja mchana, tumeshaanza, banda limejaa, namwona mama mwenye banda akimwingiza mzee mmoja mrefu. Akamfutia kiti cha plastiki kule nyuma kabisa, akamkaribisha kwa heshima zote. Shati limefungwa mpaka shingoni. Mkononi ana mfuko wa kaki. Nikamtambua: baba yake mwenzangu. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuja mjini kupimwa macho, akamuulizia mwanawe, akaelekezwa, na yule mama alidhani ni mteja tu.

Pale kwenye benchi mimi nilikuwa natazamana na watu, mwenzangu anatazama televisheni. Kwa hiyo mimi nilimwona, yeye hakumwona. Nikamkanyaga mguu. Akadhani nataka maiki, akanisukuma. Na lile gari kule jangwani, bila huruma, likaingia shimoni.

"Kaa wima!"

"Kaa wiiima!" banda zima.

Haki ya Mungu, nilimwona yule baba akigeuza kichwa taratibu, huku na huku, akiwatazama watu asiowajua wakipiga kelele kwa maneno ya nyumbani kwake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimhurumia yeye, nikamhurumia na mwenzangu, maana bado alikuwa anafurahi. Aligeuka kuonja kicheko cha watu kama kawaida yake, na hapo ndipo akamwona. Maiki ikamshuka mpaka magotini.

Ubaya ni kwamba tulikuwa tumefika kwenye kile kipande kikubwa. Wale marafiki wanamsahau mzee kituo cha mafuta, wanakwenda zao, wanashtuka, wanarudi. Wanamkuta amesimama barabarani na jua lote lile, na anaongea, anaongea, uso wake umejaa televisheni nzima. Siku zote hapo mwenzangu alimpa majivuno ya kufa mtu: vyeti vyake, migomba yake, wakubwa wote aliowachapa viboko wakiwa wadogo. Siku hiyo mdomo wa yule mzee wa filamu ukawa unacheza tu, kimya.

"Tafsiri!" watu wakaanza. "Mzee anasema nini?"

Nikainyakua maiki. "Anasema... anasema hivi..." Ile sauti mimi sina, na hata ningekuwa nayo, ningethubutu vipi mwenyewe akiwa pale?

"Anasema mmechelewa kuja kumchukua."

Ilitoka nyuma, bila maiki, sauti ya mtu aliyefundisha maisha yake yote kwenye madarasa yasiyo na dari. Watu wakageuka, wakamwona mzee amesimama, wakadhani ni mpango wetu. Banda likalipuka. "Enhee! Anasema nini tena?"

Yeye hakuwatazama. Alitazama televisheni, akangoja mdomo ufunguke, akaupatia sawasawa.

"Anasema aliwaambia msimpigie simu." Akavuta ile pumzi yake. "Na nyie mkatii. Lini mlianza kumtii?"

Loo! Kuna waliodondoka kwenye mabenchi. Mama mwenye banda alishika mlango asianguke. Watu mbavu hawana. Pembeni yangu mabega ya mwenzangu yalikuwa yanatikisika, na watu wakadhani anacheka.

Kwenye televisheni, dereva alichungulia dirishani akafungua mdomo. Dereva ni sehemu ya mwenzangu. Akanipokonya maiki.

"Shikamoo, baba," dereva akasema, na sauti ikamkatika.

"Marahaba."

Ule mfuko wa kaki ukaanza kuja mbele, mkono kwa mkono, kila aliyeupokea akichungulia kwanza kilichomo. Ulipofika kwetu mwenzangu akaufungua. Kahawa ya kutafuna. Akaukumbatia, akajikunja nao mpaka kichwa kikagusa magoti, analia waziwazi sasa, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, wakimtazama yeye, wakimtazama mzee.

"Kaa wima," baba yake akamwambia.

Safari hiyo hakuna aliyeitikia. Mwenzangu akajifuta uso kwa mkono wa shati, akakaa wima.