Nundu Ndogo Katika Chai ya Dada

Nimefanya kazi Mombasa, Kitale na Juba, na kote huko nilikuwa naikumbuka Gesima kwetu, baridi yake na harufu ya majani ya chai yakichumwa asubuhi. Niliporudi, miguu ikaanza kuniwasha tena, ikitaka safari. Nikapata kibarua cha kuosha chupa katika maabara moja ndogo mjini Kisii. Baada ya miaka miwili wakaniachia kuweka sampuli kwenye mashine inayopima uzito wa chembe.

Mashine ile huchora mstari kwenye skrini. Mstari hautulii, hutetemeka hata kama hujaweka kitu. Mkemia wetu, mama wa upande wa ziwa, aliuita mtetemo huo kelele. Alinifundisha kuulainisha: kila nukta inapewa wastani wa nukta jirani.

"Majirani wanne au watano, basi," alisema. "Ukiita kijiji kizima, hata ukweli utaupiga pasi."

Sampuli ya dada yangu ililetwa Jumanne. Yeye na wenzake husindika chai kwa mikono, na mnunuzi alikuwa amekataa kuichukua kabla haijapimwa dawa. Pale kwenye mstari ambapo dawa ya wadudu huonekana palikuwa na nundu nyembamba, karibu imezwe na kelele. Nilijua ilikotoka. Dada hupanda sukuma wiki pembeni mwa chai, na hainyimi dawa.

Nikaongeza majirani: tisa, kumi na watano, ishirini na watano. Nundu ikalala, mstari ukanyooka.

Mkemia alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mzee wa safari, unampigia nani pasi?"

"Dada yangu, Madam."

Hakunifokea. Aliniambia nirudishe mstari kama ulivyokuwa, kisha nipime sampuli ileile mara nane na kuchukua wastani wa mistari yote. "Kelele haijui kukaa mahali pamoja," alisema. "Kama ni kelele tu, itajifuta."

Nilikaa pale hadi saa nane mchana bila kula, nikiomba ijifute. Mistari ilipounganishwa, mtetemo ulipungua kweli. Nundu ikabaki palepale, sasa inaonekana hata na asiyejua kusoma skrini. Ilipita kiwango alichokubali mnunuzi.

Nikampigia dada kumwambia.

"Tata," akasema, akiniita baba kwa lugha yetu, "si ulisema wewe ndiye unashika hiyo mashine?"

"Ni mimi."

"Sasa unaishikia nani?" Akakata simu.

Jumapili nilipanda hadi Gesima. Wenzake wawili walikuwa shambani kwake; nilisalimia, wakainama kwenye kazi. Sukuma ilikuwa imeng'olewa nusu. Dada aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Umevaa kama mgeni," alisema, akaendelea kung'oa.

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaanzia upande wa mtoni. Hakuna aliyenizuia, wala aliyenikaribisha.