Aliyeniuzia Moldi Mbarara

Hiki ninachokueleza sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mwaka jana, na walioshuhudia bado wako hai, ukitaka nitakupeleka kwao. Najua watu wakisikia mambo ya namna hii wanataka yawe ya usiku wa manane, mbwa wakilia. Samahani. Ilikuwa saa nane mchana, Mbarara, nyuma ya soko, jua linawaka, na hatua tano kutoka pale kulikuwa na mwanamume anakaanga chapati. Ukiamini, amini hivyo hivyo.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini. Nakaa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, upande wa Base Camp, na binti yangu Neema, mwenye miaka mitano. Baba yake sijui aliko, na siku hizi sijisumbui kuuliza. Kazi yangu ni resini. Kama huijui, ni kitu kizito kama asali. Unakichanganya na dawa yake ya kugandisha, unakimimina kwenye moldi, yaani kile kikombe laini cha silikoni chenye umbo unalolitaka, na kesho yake unatoa hereni, au moyo, au msalaba, ngumu na inayong'aa kama kioo. Mimi huweka ndani maua madogo ya porini niliyoyakausha. Wanawake wa kanisani wananunua misalaba. Wake za askari wa kambi ya jeshi ya Makenke wananunua hereni.

Shida ni moldi. Zinachakaa, zinapasuka pembeni, kazi inatoka na mabaka. Nilijaribu kujitengenezea kwa silikoni ya mafundi wa madirisha, nikaichanganya na unga wa muhogo, nikapata kitu kinachonuka siki ambacho hata kuku wa jirani walikizunguka kwa mbali. Kwa hiyo mteja wangu mmoja wa Makenke aliponiambia kuna mahali nyuma ya soko la Mbarara wanauza moldi na resini kwa bei nafuu, sikungoja aniambie mara ya pili.

Wiki ile Neema alikuwa ametoka kwenye homa. Homa zake nilikuwa nazijua. Kipimo sikuwa nacho, nilikuwa na mikono. Naweka kiganja kwenye kipaji cha uso, halafu nyuma ya shingo, najua kama ni homa ya kukimbilia kituo cha afya au ni jua la kucheza. Sikuwahi kukosea hata mara moja. Asubuhi ile nilimshika, nikaona amepoa, nikamwacha kwa jirani yangu Mama Esta, nikaenda.

Mahali penyewe palikuwa chumba chembamba chenye mlango wa bati. Ndani kuna meza, na juu ya meza moldi za kila aina, mpya, nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye umri kama wangu, amefunga kitambaa cha njano kichwani.

"Karibu, dada. Unatoka ku Nakivale," alisema. Hakuuliza, alisema.

"Umejua namna gani?"

"Na miye nilikuwa kule. Juru."

Nilifurahi, sitakudanganya. Ukiwa mbali na kwenu, mtu akikusalimia kwa Kiswahili cha kwenu, nusu ya akili unaiacha mlangoni.

Akaanza kunionyesha vitu. Alichukua pini ya resini, mfano wa kazi inayotoka kwenye moldi zake, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaigeuza, akaiweka chini. Sasa, sisi wa kazi hii tuna macho mabaya. Kitu kikishang'aa tunatafuta alama ya kidole, maana alama moja inaharibu kazi ya siku nzima. Pini ile ilikuwa safi. Niliichukua mimi, nikaigeuza, alama ya kidole changu ikabaki pale pale inaonekana. Ya kwake hakuna. Niliona jambo hilo kwa macho yangu na sikufanya kitu. Utauliza kwa nini sikutoka. Kwa sababu alikuwa ameshanitajia bei, na ilikuwa ndogo hata nikadhani amekosea.

"Lakini utanisaidia kintu kimoja," alisema. "Niko natafuta moldi ya mikono ya mama."

Si jambo la ajabu. Watu wanachukua umbo la mkono wa mtoto, la mguu wa mtoto, wanaweka ukutani. Nilidhani anataka kitu cha kuuza.

"Uko na mutoto?" aliniuliza.

"Ndiyo. Mumoja."

"Anagonjwa?"

"Alikuwa na homa. Imeisha."

"Ulijua namna gani kama imeisha?"

"Nilimugusa."

"Na mukono gani?"

Nikamwonyesha wa kulia. Aliuangalia muda mrefu, namna unavyoangalia nguo kabla hujaomba uijaribu.

"Lete huo," alisema. "Na mwenzake."

Alichanganya silikoni kwenye beseni, nyeupe, nzito, nami nikatumbukiza mikono yote miwili hadi kwenye vifundo. Tulikaa hivyo kama nusu saa. Hakuzungumza isipokuwa kuniuliza jambo moja, tena na tena.

"Unasikia?"

"Nasikia baridi."

Baada ya muda: "Na sasa?"

"Baridi kidogo."

"Na sasa?"

"Sisikii kintu."

"Basi, imeshika," alisema, akanisaidia kuitoa mikono. Ilitoka safi, laini kuliko ilivyoingia. Ile silikoni aliifunga kwenye kitenge taratibu, akaibeba mgongoni. Mimi nikabeba moldi zangu na chupa mbili za resini nikaenda zangu nimefurahi. Mgongoni, nakwambia. Na mimi nikamuaga.

Siku iliyofuata nilianza kazi. Resini ukishaichanganya unakishika mkononi kikombe ulichochanganyia unangoja. Kikianza kupata uvuguvugu unajua wakati wa kumimina umefika. Nilishika kikombe, nikangoja. Hakikupata uvuguvugu. Niliendelea kungoja mpaka resini ikaganda humo humo kikombeni. Nikasema yule mwanamke ameniuzia dawa mbovu, nikamtukana kimoyomoyo, nikachanganya nyingine. Haikunijia kwamba kibovu ni mimi.

Siku ya nne Neema alikataa uji. Niliweka kiganja kwenye kipaji. Amepoa. Nyuma ya shingo, amepoa. Alisema anasikia baridi, nikamwambia avae sweta na aache uvivu wa shule. Nikamwacha amelala, nikaenda na hereni zangu kwenye gulio la Rugaaga.

Haikufika saa sita Mama Esta akanipigia simu.

"Mama Neema, rudia. Huyu mutoto anawaka moto."

"Nilimushika asubuhi, Mama Esta. Alikuwa baridi."

"Ulishika mutoto gani?" alisema.

Nilipofika walikuwa wameshamkimbiza kituo cha afya. Degedege lilikuwa limempata mara mbili njiani. Alilala pale siku tano, siku mbili za kwanza hakunitambua. Siku ya pili mtu alileta chai kwenye kikombe cha bati, nikakishika kwa viganja vyote viwili, nikakaa nacho namwangalia mwanangu. Mama Esta ndiye aliyenipokonya. Viganja vilikuwa vyekundu, vimeanza kututumka. Hapo ndipo nilipojua. Nilikaa pale kwenye benchi na sikulia. Niliogopa mno hata kilio hakikupata njia, na tangu siku ile hakijapata.

Neema alipona. Sikio la kushoto halikurudi kusikia, lakini alipona, na namshukuru Mungu kila siku.

Nilirudi Mbarara. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa kwa kufuli iliyoota kutu. Nikamuuliza yule wa chapati.

"Hii mlango?" alisema. "Mimi niko hapa miaka mingi, hapana ona imefunguliwa."

Nikamwambia niliingia mwenyewe, wiki tatu zilizopita.

"Wewe nilikuona," alisema. "Ulisimama hapo kwa mlango, mikono mbele, muda mrefu sana. Nilifikiri unaomba Mungu, nikakuacha."

Sasa niambie, kama nilisimama nje, hizi moldi nilizipata wapi? Ninazo mpaka leo. Ni nzuri, hazijapasuka hata moja.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku ya posho, ile tunayogawiwa wakimbizi. Pale lazima uweke kidole kwenye mashine, itoe jina lako na picha yako, ndipo upewe. Niliweka kidole. Kijana wa Kiganda aliyekaa mezani aliangalia skrini, akaniangalia mimi.

"Mama, weka ingine."

Nikaweka kingine. Nikaweka vyote kumi.

"Hii si wewe," alisema. "Hii iko mtu wa Juru. Tena inasema alishakufa." Akalisoma jina kwa sauti, kama mtu anayedhani nitacheka naye. Nilinyoosha shingo nikaiona picha. Kitambaa cha kichwa kilikuwa cha rangi nyingine. Sura ilikuwa ile ile.

Mwanamke aliyesimama nyuma yangu alilijua jina. Alisema yule alikufa mwaka wa juzi, akaacha katoto ka kike kasikoishiwa na homa, na kwamba dada yake ndiye anayekalea. Nikamuomba anielekeze. Posho yangu ilichukua wiki nyingi kusawazishwa, lakini hilo halikuniuma kama nilivyotegemea. Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichotaka, kumpata mtu wa kumkasirikia.

Yule dada anauza makaa Juru. Nilimkuta anapanga mafungu. Sikumweleza yangu. Nilisema tu nilimfahamu marehemu, naye akafurahi akaniletea kiti, akaanza kuongea kama mtu aliyekosa wa kumwambia.

"Huyu mutoto alinisumbua mingi," alisema. "Mama yake alikufa, homa ikabakia. Kila juma kituo cha afya. Lakini sasa, dada, kuko kintu siyaelewe. Homa inapanda usiku, asubuhi naamuka, nakuta amepoa. Nakuta kitambaa cha maji ku kipaji. Miye sikukiweka. Mu nyumba tuko bawili tu."

"Tangu lini?"

Alihesabu kwa mavuno ya maharage. Ilikuwa ni tangu siku zile nilipokwenda Mbarara.

Nilikuwa nimekwenda na maneno makali tayari mdomoni. Yakaisha. Ungemwambia nini? Kwamba mama amerudi kumkanda mwanawe, na kwamba mikono anayomkandia ni yangu?

Kale katoto kalikuwa kamekaa mlangoni kananiangalia. Hakakuogopa mgeni. Kalikuja moja kwa moja, kakaushika mkono wangu wa kulia, kakauweka kwenye kipaji chake, kakafumba macho, kama kanarudia jambo linalofanyika kila siku.

Na nikasikia. Unanielewa? Nilisikia joto lake. Ngozi, jasho jembamba kwenye mstari wa nywele, joto la mtoto mzima asiye na homa. Kila kitu. Nilibaki hivyo mpaka yule muuza makaa akauliza kama ninaumwa.

Nilikimbia nyumbani. Sijui kama nilikanyaga chini. Niliingia, nikamshika Neema kipajini, nyuma ya shingo, mashavuni, mikononi. Nilikuwa kama ninashika meza. Yeye alisimama, akaniacha nimalize, kisha akaondoa mikono yangu polepole.

Mchungaji ameniombea. Daktari wa Mbarara alinichoma sindano kwenye vidole, akaandika dawa za mishipa, nikazimeza zote. Nimenunua kipimo cha homa na ninajua kukisoma. Lakini Neema akijisikia vibaya haji kwangu. Anavuka njia anakwenda kwa Mama Esta, anainamisha kichwa, anawekewa mkono, kisha Mama Esta ananiita kunieleza hali ya mwanangu. Haninyimi chochote, mtoto huyu. Ananipenda. Ila hilo moja hanipi tena, na sina haki ya kulidai.

Na mimi nimerudi Juru mara tatu. Nabeba hereni, nasema nimepita kuuza. Napakata kale katoto, naweka kiganja, nasikia. Kila nikirudi nyumbani najiambia ilikuwa ya mwisho.

Kwa hiyo nakwambia, wewe unayetafuta vitu vya bei nafuu kama nilivyotafuta mimi: nunua moldi, lipa bei yake, ondoka. Mtu akisema atakupunguzia, anataka tu mikono yako kwa nusu saa, mwachie vitu vyake mezani hata kama ni vizuri. Usione haya, kimbia. Na kama una mtoto hapo ulipo, mshike sasa hivi.

Mimi kesho nakwenda Juru. Neema nimeshamwambia atabaki kwa Mama Esta.