Spika Iliyojiwasha Msiba Ukipita

Jeneza lilikuwa linapita mtaani kwetu Mabwerebwere kuelekea makaburini. Mwenye duka la simu alirudishia mlango, akavua kofia, nasi wateja wake tukasimama kimya barazani. Mara spika iliyo juu ya paa ikalipuka: "Changamka! Ofa ni leo tu!"

Alikimbia ndani kuizima, akarudi nje. Akamfuata mzee mmoja, ndugu wa marehemu.

"Shikamoo mzee. Nisamehe, sikuwasha mimi. Kompyuta yangu ya Linux nimeipangia taimu. Ikifika saa nne inaanzisha matangazo yenyewe."

Mzee hakuitikia. "Nani aliyeipangia saa nne?"

"Mimi."

"Basi umewasha wewe."

Akaendelea kulifuata jeneza.

Soko huria limewaruhusu wenye maduka kuuza saa yoyote, hata wakiwa hawapo. Kuchungulia nje bado ni kazi yao.

Wiki iliyofuata nilimkuta mwenye duka ameiondoa taimu, anawasha kwa mkono. Saa nne alitoka kwanza, akatazama barabara huku na huku. Yule mzee alikuwa anapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njia nyeupe. Washa."