Mtoto Ndani ya Shati ya Baba

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya mwezi wake, mwaka ule waasi walipoingia Kisangani. Alikuwa kama kifaranga cha njiwa, ngozi nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Kwenye maternite, hospitali ya uzazi, walimweka ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Umeme wa bwawa la mto Tshopo ulikuwa unakuja na kwenda, lakini mashine ya petroli ilikuwepo ya kusaidia. Siku umeme ulipokatika kabisa, mashine haikuwaka. Petroli yote ilikuwa imeibwa.

Mwizi alikuwa mtunza depo, mwenye ufunguo wa stoo ya maternite ile ile, jirani yetu hapa Kabondo. Aliipakia mchana, watu wakitazama. Leo anakaa kiti cha mbele kanisani na anasimulia namna alivyoteseka. Wanasema mambo ya zamani tuyaache. Bon, wao waache. Mimi nasema ni yeye, na ninyi mliokuja kuandika habari zetu, andikeni.

Mkunga alimtoa mtoto katika lile sanduku lililopoa. Akanigusa shingo. Nilikuwa na homa, natetemeka.

"Mama iko anawaka sana, atamuchoma. Papa, vua shati."

Bwana yangu, seremala, mtu wa haya nyingi, alitazama mlango kwanza. Kisha akavua. Mkunga akamlaza mtoto uchi kifuani pake, kichwa chini ya kidevu, akawafunga wote wawili na kitenge changu nilichozalia, akarudisha shati juu.

"Mapafu yake haijaiva," akatuambia. "Atapumua mbio mbio, halafu atasahau. Akisahau, moyo nao unaanza kulegea, midomo inageuka rangi. Musipige kelele. Piga unyayo wake na kidole, kidogo tu, atakumbuka."

Tukarudi nyumbani hivyo. Mji ulikuwa unanuka moshi, lakini mle ndani ya lupango yetu, kiwanja cha nyumba yetu, niseme kweli, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Bwana yangu alikaa kwenye kigoda akipiga msasa miguu ya viti, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya shati. Anaweza kuwa katikati ya hadithi, naona kidole chake kinacheza chini ya kitambaa, tik, na hadithi inaendelea. Mimi nakamua maziwa kwenye kijiko, namdondoshea mtoto tone kwa tone pale pale kifuani.

Wanawake wa jirani walipita kwa makusudi.

"E papa! Utamunyonyesha na nini?"

"Maziwa iko kwa mama yake," akajibu. "Mimi ni jiko tu."

Wakacheka mpaka wakashika ua.

Lakini bwana yangu alikuwa ameisema habari ya petroli mbele za watu, na mtunza depo akasikia. Asubuhi moja akaja na mwasi mwenye bunduki, majani yamefungwa kichwani. Yeye mwenyewe akabaki barabarani, akanyoosha kidole.

"Ni huyu. Mutu wa serikali. Iko anaficha kitu."

"Mikono juu!" mwasi akasema.

Bwana yangu akainua mikono yote miwili. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, na macho yangu hayakuwa kwenye bunduki. Nilitazama kile kivimbe ndani ya shati. Kilipanda, kikashuka, mbio mbio. Kisha kikasimama.

Bwana yangu alikihisi kabla yangu. Akashusha mkono mmoja.

"Nimesema juu! Iko nini ndani ya shati?"

"Mutoto, ndugu. Iko anasahau kupumua. Nimukumbushe, halafu nitainua tena."

Kidole kilikuwa tayari ndani. Mara moja. Hakuna. Mara ya pili. Mwasi akasogea, akafunua shati na ncha ya bunduki, na hapo akaona kile kiguu, harufu ya maziwa na damu ya uzazi ikampanda puani. Wakati ule sheria yao tuliijua wote: mwenye dawa ya kuzuia risasi akigusana na mambo ya uzazi, dawa imekufa, na risasi itaingia kama kwa mtu yeyote. Alirudi nyuma mbio karibu aanguke juu ya viti.

"Usinikaribie! Mwanaume gani wewe, unanuka kama mama! Unataka kuniua?"

Na bwana yangu, yule mwenye haya, akapiga hatua moja kumfuata. Mwasi akatoka kwa kurudi nyuma.

"Na baskeli yake?" mtunza depo akauliza, akiitazama baskeli ya bwana yangu iliyoegemea ukuta.

"Chukua wewe! Mimi sigusi kitu ya nyumba hii."

Akaichukua. Andikeni na hiyo.

Tuligeuka haraka kwenye shati. Kidole cha bwana yangu kilikuwa bado kinapiga. Mtoto akajikunja, akavuta pumzi, akalia. Kilio cha hasira, chenye sauti. Hakuwa amewahi kulia namna ile.

Baada ya hapo alisahau mara chache, halafu hakusahau tena. Mkunga akaja, akaweka sikio kifuani pa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo iko sawa. Pumzi iko sawa. Papa, unaweza kumutoa."

"Kesho," bwana yangu akasema, akafunga kifungo cha shati.