Mbwa Asiipite Sauti Yako

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka huanza kwa kusema alhamdulillahi, ndipo nikaendelea. Imenijia tena wiki hii, uliponipigia simu kutoka huko ulikokwenda kusoma, ukanambia wenzako wamekualika kwenda kuwinda ndege msituni, mbwa mnaye, na msitu wenyewe una dubu. Mama yako alitaka nikukataze. Sikukukataza. Nimekaa hapa nyumbani Bawshar nakuandikia, maana nnalotaka kukwambia ni refu kuliko simu. Mimi dubu sijamwona ila pichani. Lakini nnajua jinsi mbwa anavyoweza kukuletea mnyama mkali mpaka miguuni, na nnamjua aliyenifundisha la kufanya.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, wakati wa baridi, nami nna miaka kumi na tisa. Miaka mitatu nyuma yake tulikuwa tumeondoka Unguja, mimi na mama yangu, baba akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Alitupokea kijijini Yiti, kwenye nchi ya mababu zetu, ami yangu Khalfan, mdogo wake baba, ambaye hakuwahi kuvuka bahari na Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi tu. Alitupa chumba kizuri kuliko chake. Wahenga wamesema mgeni ni kuku mweupe, na sisi weupe wetu ulionekana mbali: Kiarabu chetu kiliwachekesha watoto, na mama akanyamaza kabisa. Alikuwa akila tonge mbili, kisha anaisukuma sahani. Mwili ukamkauka. Ami akaniuliza kwa siri kama nchini kwetu kuna dawa ya huzuni.

Basi siku moja mama, bila ya kuniangalia, akasema anatamani mchuzi wa kwale. Ndiyo mara ya kwanza kutamani kitu tangu tufike. Nikaona hata kama kwale huyo yuko kwenye ncha ya jabali, nitamfuata.

Ami alikuwa na bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, na mbwa wa kuwindia akimwita Barqi, mwembamba wa kiuno, masikio yanamning'inia. (Mbwa wa mawindo dini imeturuhusu, lakini mama alikuwa ameshamwekea mpaka wake: kizingiti.) Siku hiyo Ami alikuwa amelala na homa. Akanipa bunduki, lakini kamba ya mbwa hakuiachia mpaka alipomaliza kusema.

"Bondeni mfungue," akanambia. "Ukifika pale bonde linapobana, mfunge tena. Mbwa asiipite sauti yako. Na sauti yenyewe itoe, usitembee kimya kama mwizi."

Akaongeza kwamba nikiona tumbusi, ndege wa mizoga, wanazunguka nirudi, na kwamba ndege nitakaowaua niwatie kwenye mfuko, nisijifunge nao kiunoni. Nikaitikia taibu, taibu, kama kijana anavyoitikia mzee anapotaka kuondoka. Moyoni nilikuwa nikisema hii ni homa inasema. Chui nilikuwa nimemsikia akitajwa, kwamba wamebaki wachache huko juu, lakini mimi nilimtia katika zile khabari za kutishia watoto.

Niliwapata kwale wanne kabla jua halijapanda sawasawa. Kila nilipofyatua nilisema bismillahi, na Barqi aliniletea mmoja mmoja, manyoya hayajavunjika. Nikajifunga nao kiunoni, maana nilitaka nikiingia kijijini nionekane. Hapo ningerudi. Wanne walitosha mchuzi na wakabaki. Lakini furaha nayo ina ulevi wake, mwanangu, na mimi nikaanza kuhesabu saba, nikahesabu kumi, nikajiona nnampelekea mama na majirani wa mama.

Bonde likabana. Kamba ilikuwa begani mwangu na begani ikabaki. Upepo ulikuwa ukinivumia usoni, nami nilikuwa nimenyamaza, eti nisiwarushe kwale. Juu ya genge la mkono wa kulia niliwaona tumbusi, wawili, wameinamisha shingo wakitazama chini. Niliwaona vizuri kabisa. Nikasema, labda ni mbuzi kafa.

Barqi akainua pua, akakata kona, akapotea kwenye ufa wa jabali. Nikamwita mara moja, tena si kwa sauti kubwa. Akabweka. Kubweka kwa mbwa aliyeona ndege nilikuwa nimeshakujua, na huku hakukuwa huko. Kisha nikasikia yowe moja, na Barqi akatoka mbio, mkia katikati ya miguu, paja limechanika, anakuja kwangu. Na angekwenda kwa nani? Mbwa akiogopa hukimbilia kwa bwana wake. Na nyuma yake alikuja aliyemtisha.

Mwanzo sikumjua, maana nilimdhania mkubwa zaidi. Alikuwa chui wa rangi ya mchanga, mdogo kuliko nilivyomfikiria, na akakimbia chini kwa chini kama maji. Barqi akanipita, akajificha nyuma ya miguu yangu. Chui akasimama. Baina yangu na yeye palikuwa na hatua kama kumi na mbili. Mdomo wake ulikuwa na damu, na haikuwa ya mbwa tu; tulikuwa tumemkuta kwenye chakula chake. Bunduki ilikuwa na risasi moja ya kuulia ndege. Miguu yangu iliniambia kimbia, na nilikuwa nimeshageuza bega.

"Usikimbie, mwanangu."

Sauti ilitoka juu, upande wa kushoto, ya mwanamke, kwa Kiarabu cha majabalini, na wala haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayekwambia chai iko tayari. Akanambia nisimpige marisau, nitamuumiza tu na akiumia hatoniacha. Nimshike mbwa shingoni, nisimwachie hata akining'ata. Nisimpe chui mgongo. Nifungue wale ndege niwaache hapo hapo, kisha nirudi nyuma hatua moja moja, nikiongea.

"Niongee nini?" nikamuuliza.

"Chochote. Ajue wewe ni mtu, na ajue unaondoka."

Fundo likakataa kufunguka, nikalikata kwa jambia. Kwale wa mama wakaanguka. Nikarudi nyuma, mbwa namburura, nikisoma Ayatul Kursi, na nilipokosea kwa khofu nikaendelea kwa Kiswahili, nikimwambia yule chui kwamba sisi ni watu wa mbali, hatukukusudia, atusamehe. Hakutufuata. Alinusa ndege, akamchukua mmoja, akarudi kwenye ufa wake. Mpaka leo hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Yule mwanamke akashuka. Alikuwa Bibi Zuwena, mjane mchunga mbuzi, ambaye nyumba yake ilikuwa peke yake mwisho wa bonde. Mbuzi aliyekuwa akiliwa mle ndani alikuwa wake, mwenye mimba. Alikuwa amekaa juu tangu alfajiri, anasubiri chui ashibe aende zake, ili awapitishe mbuzi wengine kwenda kunywa maji kwa salama. Mimi nilikuwa nimemharibia kazi, na hakunilaumu kwa hilo. Alimwosha Barqi paja kwa maji ya chumvi, akanipa maziwa. Nilipopata pumzi nikaanza kumtukana mbwa, mbwa mjinga, mbwa mwoga, ameniletea mauti. Hapo ndipo aliponikemea.

"Mbwa hakukuletea chui," akasema. "Wewe ndiye uliyempeleka mbwa kwa chui. Yeye alikuwa anarudi nyumbani, na nyumba yake ni wewe."

Nikamwomba Barqi radhi, mwanangu, mbele ya mtu mzima, na sikuona haya.

Alitusindikiza mpaka kijijini. Ami alikuwa ameamka na homa yake amekaa mlangoni. Akatazama paja la mbwa, akatazama kiuno changu kitupu, akaelewa, akaipokea bunduki yake bila ya kunikemea. Ningependa angenipiga. Mama alipomaliza kusikiliza aliinuka. Akamshika Bibi Zuwena mikono yote miwili, na kwa kuwa Kiarabu kilimpotea, akamwambia kwa Kiswahili, "Umenirudishia roho yangu." Bibi Zuwena hakufahamu neno hata moja, na akaitikia. Kisha mama akaingia jikoni, kwa mara ya kwanza kwa hiari yake, akakanda unga, akampikia mgeni wake chapati na mchuzi wa papa. Wakala sahani moja. Niliketi nje nikahesabu matonge ya mama mpaka nikapoteza hesabu.

Tangu siku hiyo wakawa mashoga, mmoja anasema Kiarabu, mwengine Kiswahili, mpaka Bibi Zuwena alipofariki. Sisi tulikuwa tumepoteza nchi, na yeye alikuwa amepoteza mbuzi wake asubuhi ile ile, na bado alipata nafasi ya kuniita mwanangu. Nnamshukuru. Nnamshukuru Ami, aliyenipa maneno sahihi ingawa mimi sikuwa na masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi la kwangu Mola alilinusuru, lakini usilifanye hilo kuwa mazoea.

Basi nenda, ila nenda na akili. Waulize wenyeji dubu wao anapita wapi na anakula nini, wala usione haya kuuliza, maana mgeni asiyeuliza hupotea na njia mbele ya macho yake. Mfundishe mbwa kurudi kwa mwito mmoja kabla hujamfundisha kuleta ndege. Pakibana, mfunge. Ongea unapotembea. Ukisikia uvundo wa mzoga au ukiona ndege wa mizoga, geuka, hata kama mfuko ni mtupu. Mfuko mtupu haujamuua mtu. Mkikutana na huyo dubu, usikimbie, mshike mbwa, mwachie njia na chakula chake, urudi polepole. Na ukishatosheka, rudi. Mimi wanne wangenitosha.

Mungu akulinde mbele yako na nyuma yako, akupe masikio kabla ya majuto, na pale akili yako itakapokukimbia, akuwekee juu ya jabali mtu wa kukuita kwa upole. Amin.